Moyo Wangu kwa Jina la Wifi

Sehemu ya Tano

Mlioniacha wiki iliyopita nikiwa na bangili ya mtu kwenye kifundo cha mguu, tuanzie pale pale: bado nilikuwa nayo.

Barua zenu nimezipata. Msomaji mmoja ameandika kwamba mtu kama mimi anastahili kufungwa. Mwanangu, nina miaka sabini na minne, meno sita, na goti moja tu linaloitika nikiliita. Wakinifunga watajuta wenyewe kwa kunipikia uji.

Kwa wewe uliyechelewa: mimi ni fundi cherehani, cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Chumba cha mbele nashonea, cha nyuma tunalala. Tunalala mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye moyo wake ni mgonjwa na mdomo wake ni mzima.

Zahanati ilitupa bangili za majaribio, kila mmoja yake. Hazina betri. Zinakula joto la mwili na mtikisiko wa viungo, zikishiba zinasoma mapigo ya moyo na kuyapeleka kwa daktari bila waya. Ya wifi iangalie moyo mgonjwa, yangu iangalie moyo mzima, wapate kulinganisha.

Sharti lilikuwa moja. Bangili ikinyamaza siku tatu mfululizo, wanakuja kuivua wampe mgonjwa mwingine anayesubiri. Na nesi anayekuja kila Jumanne haji tena.

Ya wifi ilinyamaza siku ya kwanza tu. Nikafikiri kifundi: kitu kinachokula joto kifunikwe, joto lisipotee. Nikakata blanketi kuukuu, nikamshonea mkono wa kuvalia juu ya bangili, safu mbili, na lastiki kila upande. Ikanyamaza zaidi.

Siku ya tatu nikaivaa mimi mguuni na kuanza kukanyaga cherehani. Taa ya kijani ikawaka kabla sijamaliza pindo moja.

Wifi nilimwambia kwamba nesi kaagiza ivuliwe kila asubuhi ipigwe hewa. Jioni namrudishia, imeshanyamaza, lakini yeye haioni taa. Macho yake yamebaki ya kutofautisha mlango na ukuta.

Ndipo tulipofika wiki iliyopita, na nikajisifu kwenu kwamba nimefanya wema. Sasa sikilizeni wema wenyewe ulivyozaa.

Jumanne iliyofuata nesi aliingia. Tunamwita Nesi Upepo kwa jinsi anavyotembea. Ukisikia hodi, ameshakaa.

"Bibi!" alimwambia wifi. "Daktari ametazama mara mbili hakuamini. Moyo wako umetulia. Umekuwa moyo wa msichana."

"Nilishawaambia," wifi alisema. "Nyie mnasoma vitabu, mimi nausoma mwili."

"Vidonge tunavipunguza. Vilikuwa viwili asubuhi, viwili jioni. Sasa kimoja kimoja. Ukiendelea hivi, tutaviondoa kabisa."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na pini sita midomoni, gauni la mteja mkononi. Pini ni kitu cha kutema. Ningetema, ningesema, lingeisha siku ile ile.

Sikutema.

Nimeahidi katika gazeti hili kusema kweli, basi niseme. Sababu ya kwanza ilikuwa hofu: wakijua, wataivua bangili, nesi hatakuja tena, wifi atafia mikononi mwangu kwa vidonge vya kubahatisha. Sababu hiyo naipenda, inanipendeza.

Sababu ya pili haipendezi. Ule moyo uliosifiwa ulikuwa wangu. Miaka hamsini na miwili nimekaa na ukoo huu, hakuna aliyewahi kusifu kitu changu mbele ya wifi. Leo moyo wangu unaitwa wa msichana, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni la mwingine. Nilisikia raha. Nilirudi kwenye cherehani nikakanyaga kwa nguvu zaidi.

Jioni ile wifi aliniita.

"Chukua simu, uandike. Mwambie mwanangu asije. Likizo yake aitunze. Mama amepona."

Huyo binti yake ndiye mtoto pekee. Anafanya kazi mbali, safari ya siku mbili, na alikuwa ameshaomba ruhusa kazini aje kumwangalia mama yake.

"Tungoje kidogo, wifi."

"Tungoje nini? Nife ndiyo aje? Andika, si wewe uliyesoma mpaka darasa la saba ukaturingia?"

Nikaandika. Niliandika vizuri, hata nukta nikaweka.

Wiki ya pili soksi zilianza kugoma.

Kila asubuhi namvisha wifi soksi, miguu yake hupata baridi. Siku ile ya kwanza ilipanda mpaka nusu ikakataa. Nikachukua futi yangu ya kupimia. Kifundo cha wifi nakijua kuliko changu, nimemshonea suruali za kulalia tangu tukiwa na viuno. Inchi nane na nusu, haijawahi kubadilika. Nikazungusha futi, nikasoma. Nikafuta miwani, nikasoma tena. Inchi kumi na moja.

"Futi yako imechakaa," wifi alisema.

"Futi haijachakaa."

"Basi nimenenepa. Mtu akipona hunenepa. Mbona unanuna? Una wivu wewe tangu zamani."

"Wivu wa mguu, wifi?"

"Wa mguu, wa moyo, wa vyote. Nivishe."

Nikamshonea soksi nyingine pana. Mnaona akili yangu? Mguu wa mtu unavimba, mimi natafuta kitambaa.

Kisha zikaja pumzi. Alikuwa analala na mto mmoja, ikawa miwili, ikawa mitatu, ikawa halali tena, anakaa ameegemea ukuta. Akiongea sentensi moja anatua katikati, kama mtu anayepanda ngazi. Lakini kunitukana hakuacha. Alinigawia tusi vipande viwili.

"Wewe mwanamke..." anavuta pumzi, "...ni kichwa cha pini."

Jumatatu nikaamua. Bangili ibaki mkononi mwake kutwa nzima, iseme yenyewe ninachoshindwa kusema mimi. Nikamvika, na kwa kuwa mkono ulikuwa wa baridi, nikamvika ule wa blanketi juu yake. Kila nusu saa nachungulia ndani ya lastiki. Hakuna taa. Saa sita hakuna taa. Saa tisa hakuna.

Nilitaka kusema ukweli, na ukweli wenyewe hauna umeme wa kuwashia taa.

Nikazikumbuka zile siku tatu. Nikaogopa. Jumanne asubuhi bangili ikarudi mguuni kwangu, na mimi nikarudi kwenye kanyagio.

Siku hiyo Nesi Upepo hakuja peke yake. Alikuja na mwanaume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, amebeba kibao cha kioo kama simu iliyonenepa. Ndiye Injinia, ndiye aliyezitengeneza bangili. Walipita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma. Nikawafuata mbio, gauni langu nimelishusha likagusa sakafu.

"Ni huyu?" Injinia aliuliza kwa heshima, kama ameoneshwa bibi harusi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wewe... ni nani?"

"Bibi, nimekuja kukuona kwa macho yangu. Tuna watu arobaini wanaovaa bangili hizi. Wamo wabeba mizigo. Wamo walinzi wanaotembea zamu nzima. Wewe wa kitandani unawashinda wote kwa umeme! Unafanya mazoezi gani?"

Wifi akajiinua kwenye ukuta. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho, lakini ulijaa fahari.

"Damu yangu ya moto tangu usichana. Kaka yangu marehemu... aliyajua hayo. Huyu wifi yangu ndiye maji ya mtungi."

Injinia akacheka, akageukia kwangu. "Na wewe bibi usijali, yako inakwenda vizuri. Kuna jambo limenifurahisha, niwaambie? Mioyo yenu inapanda pamoja na kushuka pamoja. Saa tatu asubuhi yote miwili inapanda. Saa nne mkipumzika, yote inashuka. Nimemwonesha mke wangu, nikamwambia, tazama watu wanavyopendana."

Nesi Upepo alikuwa anatabasamu. Tabasamu likakaa pale mdomoni bila kazi.

"Pamoja kila asubuhi?" aliuliza.

"Kila asubuhi. Kama pacha."

Nesi alinitazama mimi kwanza. Kisha akamgeukia wifi. "Bibi, nipe mkono."

Wifi akatoa mkono chini ya shuka, umevaa lile blanketi. "Huu kanishonea wifi. Ana ufundi, mdomo ndio... hana."

Nesi akavuta lastiki, akauvua ule mkono wa blanketi. Ndani hakukuwa na kitu.

"Bangili iko wapi, bibi?"

"Si iko nje, inapigwa hewa? Kama mlivyoagiza."

"Nani kaagiza?"

 Nikajifanya napanga mito ya wifi.

"Lakini inasoma," Injinia alisema, macho kwenye kibao. "Sasa hivi inasoma. Jina la bibi. Mapigo tisini na nane."

Nikatafuta uongo. Mnanijua, huwa sikosi. Nikaona niseme iko kwenye kamba ya nguo, jua linaichezea.

"Mia na nane," Injinia alisema.

Nikauacha huo. Nikatafuta mwingine, wa mteja aliyeichukua kwa bahati mbaya.

"Mia na kumi na tisa. Inapanda, jamani! Huyu aliyeivaa anakimbia?"

Sijawahi kukutana na kiumbe mmbea kama moyo wangu siku ile. Kila nikifungua mdomo kudanganya, wenyewe unakimbilia kwenye kioo cha watu kunisema.

Nikapandisha gauni. Taa ya kijani ilikuwa pale kifundoni, inapepesa.

Injinia alitazama mguu, akatazama kibao, akatazama mguu. Nesi alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyekatwa uzi.

"Kuna nini?" wifi aliuliza. "Mbona mmenyamaza? Mimi sioni, nielezeni."

"Mwambie," nesi aliniambia. "Mwambie wewe."

Nimeshona sanda katika maisha yangu, nimewavisha wazazi wangu wote wawili. Kazi ngumu kama ile ya kufungua mdomo sijaifanya.

"Bangili yako nimeivaa mimi, wifi. Mguuni. Tangu wiki ile ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa haiwaki kwako. Wangeichukua, na nesi asingekuja tena."

Akavuta pumzi. Akavuta nyingine.

"Na ule moyo wa msichana?"

"Wangu."

 Mikono yake ilikuwa inapapasa shuka, kama anatafuta kitu alichokiweka pale jana.

"Na wangu uko wapi?" aliuliza.



Injinia aliokota lile blanketi pale kitandani, akaligeuza nje ndani. "Nani ameshona hii?"

"Mimi."

"Safu mbili?"

"Mbili. Ili ipate joto."

"Bibi," alisema taratibu, "haitaki joto peke yake. Inataka mwili wenye joto upande huu, na hewa ya baridi upande huu. Umeme wake unatoka kwenye tofauti ya hapo katikati. Ukiifunika, tofauti inakwisha. Umeiziba pua."

Akaomba bangili. Nikaivua. Akafungua dirisha, akaufuta mkono mtupu wa wifi kwa kitambaa, akamvika. "Bibi, chezesha vidole. Hivyo hivyo."

Tukangoja. Nilianza kuhesabu moyoni, nikafika themanini na mbili.

Kijani.

"Joto lake linatosha," Injinia alisema. "Lilikuwa linatosha tangu siku ya kwanza." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anaongea na mashine yake, na ndiyo maana iliniingia mpaka ndani.

Basi ndiyo hivyo, wasomaji wangu. Nilikuwa nimedanganya zahanati nzima, nimempokonya mtu vidonge vyake, nimemzuia mtoto asimwone mama yake, kwa sababu ya kipande cha blanketi nilichokishona kwa mapenzi na pindo la kupendeza.

Safari hii Injinia hakutaja namba. Alisoma, akampa nesi kibao. Nesi akasoma, akakilaza kifudifudi. Akafunua shuka, akashika muundi wa wifi, akabonyeza kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, kishimo kilibaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Kila Jumanne nimekaa hapa," nesi alisema, si kwangu, si kwa yeyote. "Hapa hapa. Nilikuwa natazama kioo. Sikufunua shuka."

Akasimama, akapiga simu, akasema maneno machache ya haraka ambayo sikuyapenda. Kisha akaja karibu na wifi.

"Bibi, kile kimoja kimoja, umekuwa ukimeza?"

"Mpaka Ijumaa. Nikaviacha. Vya nini... na mimi nimepona?"

Nesi alifumba macho kidogo. "Tumwite binti yako."

"Nimemzuia asije." Wifi akageuza uso upande wa ukuta. "Kwa mwandiko wa huyo."

Nikapiga mimi. Simu ya binti haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Mara ya tatu Injinia alinishika mkono, akaichukua simu, akaendelea kupiga yeye.

Gari la zahanati lilifika, likazuia barabara yetu nyembamba. Wakaja watu wawili na machela, wakampitisha wifi kati ya cherehani na meza ya kukatia, magauni ya wateja yakimpangusa uso. Majirani wamejaa. Nilikuwa nimeshavaa viatu, nimechukua shuka safi, mswaki wake, na ile mito mitatu.

"Ndugu mmoja apande," dereva alisema. "Kule wanataka sahihi ya familia kabla ya kumgusa."

"Mimi hapa," nilisema.

"Sina ndugu," wifi alisema kutoka ndani ya gari.

Watu wakageuka.

"Bibi," nesi alisema, "huyu si wifi yako?"

"Alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka yangu amekufa."

"Bibi, hakuna muda. Bila mtu wa familia..."

"Basi nirudisheni kitandani."

"Nitasaini mimi," Injinia alisema, simu bado iko sikioni.

"Wewe si wa familia, mzee," dereva alimjibu.

Nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya gari, nikaingiza kichwa. Midomo ya wifi ilikuwa imebadilika rangi, ya kijivu kama chaki yangu iliyolowa.

"Wifi, nitukane njiani. Nitukane huko hospitali, nitukane mpaka mwakani, nitakaa kimya. Lakini acha nitie sahihi."

Hakunitukana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Miaka hamsini na miwili, na amekosa neno la kunitupia.

Alinyoosha mkono ule wenye bangili, akaushika ukingo wa mlango, akaung'ang'ania.

"Huyu akipanda," alisema, akatafuta pumzi, akaikosa, akaitafuta tena, "mimi nashuka."

Nesi Upepo alikuwa ndani, kibao kwenye magoti. Aliona kitu pale kwenye kioo, akainua uso ghafla, akanitazama.

"Mama," aliniambia, na hakuwahi kuniita mama, "amua sasa hivi."

Mguu wangu mmoja ngazini, mmoja kwenye mavumbi. Nyuma yangu Injinia anasema, "Haipatikani, haipatikani." Vidole vya wifi viko kwenye ukingo wa mlango.

Dereva akawasha injini.

"Bibi, panda au shuka," alisema. "Mlango haufungiki."